Kicheko Hewani: Historia ya Vichekesho vya Redio na Swali la Kituo cha Vichekesho Pekee katika Mwambao wa Ziwa Victoria, Mwanza

Ikisiri

Insha hii inachunguza iwapo kituo cha redio kinachorusha vichekesho pekee kinaweza kudumu jijini Mwanza na katika mwambao wa Ziwa Victoria. Swali hilo linajibiwa kwa njia ya historia, yaani kwa kufuatilia nafasi ambayo kichekesho kimekuwa nayo katika redio ya Kiswahili tangu enzi ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) hadi vituo binafsi vilivyoanzishwa baada ya mwaka 1993. Hoja inayotetewa ni kwamba kichekesho kimestawi hewani kwa sababu kilibebwa na mambo mengine yasiyo ya kuchekesha. Kinapoondolewa katika mchanganyiko huo, hukabiliwa na uhaba wa kazi mpya, udhaifu wa mapato, na kushindwa kuihudumia jamii siku ya msiba.

1. Utangulizi

Msikilizaji wa redio katika Kanda ya Ziwa hapungukiwi na vichekesho. Huvisikia katika vipindi vya asubuhi, katika matangazo ya biashara yaliyoigizwa, na katika mabishano ya watangazaji kuhusu mpira wa miguu. Pamoja na hayo, vituo vilivyojijengea jina Mwanza tangu miaka ya 1990 vimejengwa juu ya habari, muziki, michezo, dini na salamu. Kichekesho kimo ndani ya vituo hivyo, lakini hakikuwa msingi wake.

Hali hiyo inaibua swali ambalo lina uzito kwa wawekezaji na kwa wasanii pia. Ikiwa watu wanapenda kucheka kiasi hiki, kwa nini wasipewe kituo cha kucheka saa zote? Vijana wengi wenye kipaji cha uchekeshaji hawana ajira ya kudumu, na kituo cha namna hiyo kingeonekana kuwa mwajiri wao wa asili. Jibu la haraka, kwamba wazo hilo ni la kipuuzi, halitoshi, kwa kuwa vituo vya dini, ambavyo navyo hushughulikia jambo moja, vimedumu nchini kwa miongo kadhaa. Yafaa basi kuuliza ni nini kilichokiwezesha kichekesho kuishi hewani hapo awali, na kama masharti hayo yanaweza kupatikana katika kituo cha vichekesho pekee.

2. Asili ya wazo la kituo cha jambo moja

Wazo la kituo cha redio kushikilia aina moja ya maudhui mchana na usiku lilikomaa Marekani katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo, redio za nchi hiyo zilikuwa na ratiba mchanganyiko: habari, muziki, tamthilia na vichekesho vilivyofuatwa na mamilioni ya watu. Televisheni ilipoenea, waigizaji na wachekeshaji mashuhuri walihamia huko pamoja na wadhamini wao. Redio, ikiwa imeachwa na saa nyingi tupu, ilizijaza kwa santuri. Todd Storz, aliyemiliki kituo cha KOWH mjini Omaha, ni miongoni mwa waliojenga mtindo wa kurudiarudia nyimbo chache zinazopendwa zaidi.

Kwa hiyo mtindo wa kituo cha jambo moja ulizaliwa baada ya kichekesho kuihama redio. Ulikuwa dawa ya pengo kililoliacha, na ulitegemea sifa ambayo wimbo unayo na kichekesho hakina: wimbo ukirudiwa hupendwa zaidi, kwa muda angalau, ilhali kichekesho kikirudiwa hupoteza mshtuko unaozaa kicheko. Anayetaka kituo cha vichekesho pekee anakusudia kukirejesha kichekesho katika nyumba iliyojengwa kwa vipimo vya muziki.

Mifano miwili ya nje inaonyesha masharti ya jaribio hilo. Shirika la Utangazaji la Uingereza lilianzisha BBC 7 mwezi Desemba 2002, kituo cha dijitali kilichorusha vichekesho na tamthilia, na ambacho mwaka 2011 kiligeuzwa kuwa BBC Radio 4 Extra. Kituo hicho kilikuwa na ghala la kazi zilizorekodiwa kwa miongo mingi, na kiligharimiwa kwa ada ya umma. Hata hivyo hakikuwa cha vichekesho pekee. Nchini Kanada, kampuni ya Bell Media iliendesha vituo vya vichekesho vilivyotumia jina la Funny katika miji ya Calgary, Vancouver na Winnipeg, vikitegemea zaidi rekodi za wachekeshaji wa jukwaani. Mwezi Juni 2023 vyote vitatu vilizimwa, pamoja na vituo vingine vya masafa ya AM vya kampuni hiyo. Uingereza kulikuwa na ghala na fedha ya umma. Kanada kulikuwa na soko peke yake, katika masafa ambayo wasikilizaji walikuwa wakiyahama.

3. Kichekesho katika redio ya taifa

Utangazaji wa redio Tanganyika ulianza mwaka 1951 jijini Dar es Salaam. Shirika la Utangazaji la Tanganyika lililoundwa mwaka 1956 ndilo lililogeuzwa kuwa RTD mwaka 1965, chini ya usimamizi wa moja kwa moja wa Serikali. Kwa takriban miongo mitatu RTD ilikuwa sauti pekee ya redio ya ndani kwa Watanzania Bara wengi, wakiwamo wakazi wa Mwanza, Bukoba na Musoma.

Katika redio hiyo kichekesho kilikuwa na heshima yake. Igizo la Pwagu na Pwaguzi linakumbukwa na kizazi kizima. Majina ya wahusika wake yanatokana na methali isemayo kwamba pwagu hupata pwaguzi, yaani mjanja hukutana na mjanja kumzidi, na methali hiyo ilikuwa pia muundo wa visa vyenyewe. Msikilizaji alijua tangu mwanzo kwamba ujanja utamrudia mwenyewe. Alichokingojea ni njia itakayotumika. Upande wa Kenya, Kipanga na Mzee Pembe nao walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba watu wawili wenye sauti zinazotofautiana wanaweza kuiteka hadhira ya Kiswahili bila kuonekana.

Lakini maigizo hayo yalisikika yakiwa yamezungukwa na nini? Yalizungukwa na taarifa ya habari, matangazo ya vifo, salamu za wagonjwa katika kipindi cha Ugua Pole, hadithi za watoto katika Mama na Mwana, na muziki wa dansi. Familia iliyokuwa na redio moja ya betri iliiwasha ili kujua nani amefariki, bei ya mazao ni ipi na Serikali imesema nini. Kichekesho kilimkuta msikilizaji akiwa ameketi tayari, na hakikupewa mzigo wa kumwita peke yake.

Mpangilio huo haukuwa wa redio tu. Katika miaka ya 1980 na 1990, vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam kama vile Muungano na Tanzania One Theatre vilitoa maonyesho ya jioni nzima yaliyochanganya taarabu, ngoma, sarakasi, maigizo na vichekesho. Mchekeshaji alipanda jukwaani, akawavunja watu mbavu, kisha akawaachia nafasi waimbaji.

Katika mwambao wa ziwa utaratibu wa aina hiyo una mizizi ya zamani zaidi. Mashindano ya ngoma ya Wasukuma kati ya Bagika na Bagalu, ambayo huonekana hadi leo katika sherehe za Bulabo huko Bujora, Kisesa, hubeba kejeli kali dhidi ya kundi pinzani. Kejeli hiyo ina msimu wake, baada ya kazi za shamba, na ina mshindani anayelengwa. Hali kadhalika utani, uliochunguzwa na wanazuoni tangu R. E. Moreau katika miaka ya 1940 hadi Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, humruhusu mtani kusema yasiyosemeka, hata msibani, kwa sababu huyo huyo mtani ana wajibu wa kusaidia mazishi. Ruhusa ya kuchekesha ilifungamana na kazi ya kubeba jeneza.

4. Mwanza baada ya mwaka 1993

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi. Mwanza ilijitokeza mapema. Kampuni ya Sahara, kupitia Radio Free Africa, Kiss FM na Star TV, ililifanya jiji hilo kuwa kitovu cha utangazaji nje ya Dar es Salaam. Baadaye viliongezeka vituo vingi vya masafa ya FM, vikiwamo vya taasisi za elimu, kama redio ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na vya jamii, kama ile ya Sengerema.

Ushindani huo ungetarajiwa kuzaa vituo vya aina mbalimbali, na kwa kiasi fulani ulizaa. Hata hivyo, kichekesho chenyewe kilielekea kwingine. Kundi la Ze Comedy lilipata umaarufu kupitia EATV, kisha wasanii wake wakahamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi. Mzee Small, na King Majuto wa Tanga, walifahamika sana kwa kazi za video. Mwanza nayo ilikuwa na Futuhi, kipindi cha Star TV kilichothibitisha kwamba Kanda ya Ziwa inaweza kuzalisha wachekeshaji wake bila kungoja Dar es Salaam. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya macho: mavazi yaliyopitiliza, mwendo, sura iliyokunjwa. Ukiondoa picha, nusu ya kicheko huondoka nayo. Ghala la vichekesho lililokua baada ya mwaka 1993 haliwezi kumwagwa redioni kama lilivyo.

Lipo pia suala la lugha. Utangazaji wa Tanzania umejengwa juu ya Kiswahili, na kwa sehemu Kiingereza. Lugha za jamii hazikupewa nafasi ya kuendesha vipindi. Kwa hiyo kichekesho cha redio Mwanza ni lazima kiwe cha Kiswahili, ilhali sehemu kubwa ya utani wa mwambao hukaa katika Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kihaya. Wachekeshaji wengi wametatua jambo hilo kwa kuchezea lafudhi. Mhusika Msukuma aliyefika mjini kwa mara ya kwanza ni wa kawaida katika vichekesho vya Dar es Salaam. Mwanza, mhusika huyo ndiye msikilizaji. Anaweza kujicheka kwa robo saa na kufurahi. Akijisikia akichekwa kutwa nzima katika redio ya kwao, atazima.

5. Vipimo vitatu vya uhai wa kituo

Kipimo cha kwanza ni saa. Wiki ina saa 168 na mwaka una saa 8,760. Kikundi kinachotoa igizo jipya la nusu saa kila wiki, bila kukosa hata mara moja, huzalisha saa 26 kwa mwaka. Kikifanya kazi hiyo kwa miaka 10 kitakuwa na saa 260, ambazo zikirushwa mfululizo hazifiki siku 11. Mfano wa Twende na Wakati unasaidia hapa. Mchezo huo wa RTD ulioanza Julai 1993, ambao dereva wa malori Mkwaju alikuwa miongoni mwa wahusika wake wanaokumbukwa, ulirushwa mara 2 kwa wiki kwa vipande vya nusu saa, ukiwa na waandishi, watafiti na wafadhili nyuma yake. Juhudi hiyo yote ilizaa takriban saa 52 kwa mwaka, yaani siku 2 na ziada kidogo. Kituo kitakachokosa ghala kitajaza saa zilizobaki kwa marudio, au kwa mazungumzo ya watangazaji wanaolazimishwa kuchekesha hata wanapokuwa hawana la kusema. Rekodi za RTD zimo mikononi mwa shirika la umma, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimruhusu mwenye kituo kuchukua kazi ya mwingine kwa kuwa tu inachekesha.

Kipimo cha pili ni fedha. Vituo vya dini, kama Radio Maria, huishi kwa michango na kazi ya kujitolea ya waumini wanaoiona redio kuwa sehemu ya ibada yao. Mpenzi wa vichekesho hana kifungo cha namna hiyo. Hufurahi, kisha huenda zake. Kituo kitabaki kumtegemea mtangazaji wa biashara, naye hununua nafasi mahali ambapo anajua watu watarudi kwa saa ileile: taarifa ya habari, mpira, muziki wa asubuhi. Isitoshe, simu ya mkononi imekwisha kumpa msikilizaji kichekesho cha dakika 1 bila malipo kwa kituo chochote, na kwa chaguo lake mwenyewe.

Fedha hiyo hukutana pia na hatari ya kisheria. Kichekesho chenye makali hugusa wakubwa. Mwezi Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa na polisi baada ya kusambaa kwa video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania nayo ina Kamati ya Maudhui yenye uwezo wa kuvionya na kuvitoza faini vituo. Redio mchanganyiko ikisitisha kipindi kimoja cha mzaha hubaki na vingine 20. Redio ya vichekesho haina pa kurudi, na kwa kuogopa hilo itaelekea kwenye mzaha usiomgusa yeyote, ambao ndio unaochosha upesi kuliko wote.

Kipimo cha tatu ni msiba, nacho ndicho kizito zaidi katika mwambao huu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya abiria. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Rais alitangaza siku 4 za maombolezo. Katika siku kama hizo redio za Tanzania hubadili sauti: muziki wa starehe huondolewa, nyimbo za maombolezo hushika nafasi, na watangazaji husoma majina na maelekezo kwa ndugu wanaotafuta wapendwa wao. Redio ya habari na muziki huweza kufanya hivyo kwa sababu ina chumba cha habari, na ina sauti ambayo watu wameizoea ikisema mambo mazito. Kituo cha vichekesho pekee kingekuwa na njia mbili tu, kunyamaza au kukufuru. Kikinyamaza, kingekuwa kimekiri kwamba siku wananchi walipokihitaji hakikuwa na kitu cha kuwapa.

Msiba mkubwa ni wa nadra, lakini haja ya neno la kweli ni ya kila siku. Wavuvi wa dagaa hukesha ziwani katika siku za giza na kupumzika mbalamwezi inapong'aa. Mchuuzi wa Mwaloni Kirumba anataka kujua bei, na abiria wa visiwani anataka kujua kama chombo kitaondoka na upepo ukoje. Hao ndio wasikilizaji wa usiku na alfajiri, na wanapenda kucheka kuliko wengi. Wanachohitaji ni kicheko kinachofuatiwa na utabiri wa hali ya hewa kutoka kwa mtu wanayemwamini.

6. Kinachowezekana

Kukataa kituo cha vichekesho pekee si kukikataa kichekesho. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha mambo matatu yanayotekelezeka Mwanza. Kwanza, vituo vilivyopo vinaweza kutenga saa maalumu, hasa usiku, kwa maigizo mapya ya sauti yanayoandikwa kwa ajili ya sikio, badala ya kupunguza picha kutoka kazi za televisheni. Pili, kikundi kimoja cha wachekeshaji kinaweza kufanya kazi kama karakana inayouza igizo lilelile kwa vituo kadhaa vya Mwanza, Musoma, Bukoba na Geita. Saa 26 kwa mwaka ni chache mno kwa kituo kimoja, bali ni biashara ya maana zikinunuliwa na vituo vingi. Tatu, rekodi za zamani za redio ya taifa zinastahili kuhifadhiwa na kurushwa kwa utaratibu unaowalipa wenye haki au warithi wao. Jambo hili la mwisho halingoji mwekezaji, na linahitaji haraka, kwa kuwa kanda za sumaku huharibika na waliozirekodi wanazidi kupungua.

7. Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonyesha kwamba kudumu kwa kituo cha vichekesho pekee katika mwambao wa Ziwa Victoria hakuamuliwi na wingi wa watu wanaopenda kucheka, kwani hao hawajawahi kupungua. Huamuliwa na ghala la kazi, na mlipaji, na uwezo wa kituo kuzungumza na watu wake kicheko kinaposimama. RTD ilikuwa na yote matatu kwa sababu kichekesho chake kilikuwa chumba kimoja katika nyumba kubwa. Vikundi vya sanaa vya miaka ya 1980 viliyapata kwa kuchanganya, na watani waliyapata kwa kushiriki mazishi. Mwekezaji atakayeanzisha redio Mwanza kwa kutegemea mzaha peke yake atakuwa anawaomba wachekeshaji wabebe nyumba nzima. Kwa wasanii wenyewe, saa moja iliyolipwa vizuri kila wiki katika vituo vitano itawafaa kuliko kituo kizima kitakachofungwa kabla mwaka haujaisha.